Shahada ya Pili na Mfuko wa Mama



Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke, wakazi wa Tudor hapa Mombasa. Tumejaaliwa watoto watatu, na tunaishi pamoja na mzazi wetu wa upande wa mume, ambaye sote nyumbani humwita Mama. Tumeona tuyaandike haya kwa sababu jambo lililotupata mwaka 2023 tunalisikia likizungumzwa katika nyumba nyingi za jamaa zetu, nalo ni hili: mtu aliyekwisha kupata shahada ya uzamili katika biashara, je, aende akatafute ya pili? Aliyetaka kusoma alikuwa mke, walakini shauri lilikuwa letu sote, na gharama yake, kama itakavyoonekana, ilikaribia kumwangukia mtu wa tatu.

Mke ni mhasibu katika kampuni moja ya kuondosha mizigo bandarini. Mwaka 2016 alihitimu uzamili katika usimamizi wa biashara, ile iitwayo MBA, baada ya kusoma jioni kwa miaka miwili na nusu. Aliyepitia masomo ya jioni hahitaji kuelezwa. Hutoka kazini saa kumi na moja, ukaenda moja kwa moja darasani, ukarejea nyumbani saa tatu usiku ukawakuta watoto wamekwisha kulala. Mwana wetu wa mwisho alizaliwa katikati ya masomo hayo. Arubaini ilipokwisha tu, mke alirudi darasani, na mtoto akalelewa mikononi mwa Mama. Siku ya kuhitimu tulipiga picha, tukapika biriani, tukaalika jamaa. Cheti kikatiwa ndani ya bahasha, kikawekwa kabatini pamoja na hati ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Miaka saba ikapita. Mshahara ulipanda kidogo, cheo kikabaki kile kile. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mkuu wa idara ya fedha alistaafu, na nafasi yake akapewa kijana aliyeajiriwa miaka minne baada ya mke. Siku ile mke alirudi nyumbani, akavua buibui, akakaa jikoni bila ya kuwasha jiko. Ilipoadhiniwa Isha ndipo aliposema, "Nitasoma tena."

Mume alijibu neno moja tu: "Soma." Leo tunakiri kwamba jibu lile lilikuwa la haraka. Mume alidhani anamtia mkewe nguvu, kumbe alikuwa akiepuka kumwuliza kilichomuuma.

Masomo aliyoyachagua hayakuwa ya ovyo. Alitaka uzamili katika benki na fedha za Kiislamu, kwa njia ya masafa, kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Uwanja huo umekwisha kufunguka nchini mwetu. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazoendeshwa kikamilifu kwa misingi ya sharia, na takaful, yaani bima ya kusaidiana, ilianza mwaka 2011. Ulimwenguni nako mambo yamepangika. Bahrain ndiko iliko AAOIFI, taasisi iliyosajiliwa mwaka 1991 ili kuweka viwango vya uhasibu na sharia kwa mabenki ya aina hii, na Malaysia ina chuo kizima cha somo hili, INCEIF, kilichoanzishwa na benki kuu ya nchi hiyo mwaka 2005. Mke alivutiwa hasa na upande wa hesabu. Katika murabaha, kwa mfano, benki hununua bidhaa kisha ikamwuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Basi faida ile iandikwe lini kwenye vitabu, na mteja akichelewa kulipa iwe vipi? Usiku mwingine tulikaa hadi saa tano tukiyajadili hayo kwa raha. Kwa hivyo hamu ya elimu ilikuwapo, na ilikuwa ya kweli.

Ada, pamoja na gharama za mitihani, ilifikia shilingi 780,000 kwa miaka miwili. Mume ana duka dogo la vipuri vya pikipiki, na biashara ni ya leo hivi, kesho vile. Mkopo wa riba hatukuutaka. Hilo tulilikata siku ya kwanza bila ya kubishana. Benki tulikuwa na shilingi 410,000, lakini fedha hizo zilikuwa na mwenyewe. Huo ulikuwa mfuko wa Hija ya Mama. Tuliuanza mwaka 2016, ada ya MBA ilipomalizika, tukitia shilingi elfu tano kila mwezi tulipojaaliwa. Mwaka 2020, duka lilipofungwa kwa ajili ya korona, kuna miezi hatukutia kitu. Mama naye aliongeza alichokipata kwa kuuza mahamri, na kaimati katika mwezi wa Ramadhani.

Hapa ndipo tulipoteleza. Tulijiona wema kwa kuikataa riba, na papo hapo macho yetu yakaanza kuutazama mfuko wa Mama.

Nyumba zetu za ghorofa kuta zake ni nyembamba. Mama alitusikia. Asubuhi moja baada ya Alfajiri alituita, naye bado yuko juu ya msala wake, tasbihi mkononi. Akasema, "Wanangu, nimesikia mnayoyazungumza. Zichukueni zile fedha. Hija ni ya mwenye uwezo, na mimi nikingoja miaka miwili mitatu sitapungukiwa. Kumsomesha mtu nako ni kheri."

Tulimwambia, "La, Mama, haiwezekani." Lakini tulipobaki peke yetu chumbani hatukusema la. Tulitoa daftari tukapiga hesabu. Tukizichukua zile laki nne na kumi elfu, mwaka wa kwanza wote utalipika na sehemu ya wa pili. Kilichobaki kitatoka kwenye mshahara. Na kama cheo kikipatikana, mfuko utarudishwa katika miaka mitatu. Jumla ilitoka sawasawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliamini kwamba maadamu tumeandika, hakuna kitakachopotea. Ila katika daftari letu hapakuwa na safu ya magoti ya Mama. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na ngazi za nyumba yetu, ambazo ni tatu tu, alikuwa akizipanda kwa kupumzika mara mbili. Kila aliyekwenda Makka husema kwamba Hija ni kutembea.

Wiki ile binti yetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliziona fomu mezani. Akamwuliza mama yake, "Unarudi kule?" Hakusema chuoni, alisema kule. Mke akamweleza kwamba safari hii atasoma nyumbani kwa kompyuta. Mtoto akafikiri kidogo kisha akauliza, "Na mlango utakuwa umefungwa?" Alikuwa na umri wa miaka mitatu MBA ilipoanza, na mitano ilipomalizika. Hatukuwahi kumwuliza aliuonaje wakati ule, kwa kuwa tulidhani mtoto mdogo hasahau kula tu, mengine husahau yote.

Hatukuweza kuamua. Tukaenda kwa jamaa yake mke, bibi wa makamo aliyefanya kazi ya benki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ambaye sisi humwita Shangazi. Alitukaribisha kwa kahawa na halua, akatusikiliza mpaka mwisho bila ya kutukatiza. Kisha akamgeukia mke.

"Mwanangu, nitajie cheo unachokitaka, halafu unioneshe tangazo la kazi lililosema kwamba mwenye shahada hii ndiye atakayekipata."

Mke hakuwa nalo.

"Vyema. Na ile nafasi ya ofisini kwenu, uliiandikia barua ya maombi?"

Mke akainamisha kichwa. Hakuiandikia. Tangazo lilikaa ubaoni wiki tatu. Alilisoma mara mbili, akaona limetaka mwanachama wa Taasisi ya Wahasibu, ICPAK, naye hakuwa mwanachama kwa sababu mitihani yake ya CPA aliiacha njiani. Isitoshe, alijiambia kwamba wakubwa wanaijua kazi yake, na wakimtaka watamwita. Hawakumwita. Mume alikuwa ameketi pale pale, na jambo hili alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Kwa miezi miwili alikuwa amewakasirikia watu wa ofisi ile kwa kumnyima mkewe kitu ambacho mkewe hakukiomba.

Shangazi hakutulaumu. Alisema tu, "Basi nendeni mkakusanye matangazo ya kazi ya wiki tatu, myasome mkiwa wawili. Mkimaliza, mtajua wenyewe."

Tulifanya hivyo. Tulinunua magazeti, tukakata matangazo ya kazi za uhasibu na usimamizi wa fedha ambazo mke angeweza kuziomba, yakawa kumi na manne. Tukayapanga juu ya kitanda. Kumi na moja yalitaka CPA iliyokamilika na uanachama wa ICPAK. Sita yalisema kwamba uzamili utamfaa mwombaji, na uzamili tulikuwa nao kabatini. Lililotaka uzamili mara mbili halikuwapo hata moja. Tukakaa kimya tukiyatazama yale makaratasi.

Pengine si kila msomaji anajua tofauti ya mambo haya, nasi tungependa kuieleza kwa ufupi, kwa kuwa kutoijua kulikaribia kututia hasarani. MBA ni elimu pana ya uongozi wa biashara. Chuo cha Harvard kule Marekani ndicho kilichoianza, mwaka 1908, na hadi leo humfaa sana mtu aliyesomea jambo jingine, uhandisi au udaktari, akajikuta anapaswa kuongoza watu na fedha. Uzamili mwingine, kama ule wa fedha au wa benki za Kiislamu, ni mwembamba na huzama katika jambo moja. Ama CPA si shahada ya chuo kikuu. Ni mitihani ya taaluma inayosimamiwa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, na tangu mtaala ulipobadilishwa mwaka 2021 imepangwa katika ngazi tatu. Anayeikamilisha anaweza kuomba kusajiliwa na ICPAK chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Mtu anaweza kuwa na uzamili wa biashara mara mbili au tatu, na kwa shahada hizo peke yake asiwe mhasibu aliyesajiliwa.

Mke aliiacha CPA mwaka 2010, tulipooana, na mitihani sita ilikuwa imebaki. Alisema ataimaliza mwaka ujao. Kisha akaja mtoto, kisha MBA, kisha miaka. Wazee wetu wa pwani walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tulikuwa tumeuacha mbacha wetu darini, tukawa tayari kuuza Hija ya mzazi ili tununue msala.

Siku ya pili mke alikwenda kumwona mkuu wake wa kazi. Alimwuliza, kwa adabu, ni kwa nini hakufikiriwa. Mkuu alishangaa. Alimjibu, "Tulidhani hukuitaka. Hukuleta barua." Mke aliporudi alitueleza haya akiwa amesimama mlangoni, na kwa muda hatukujua kama tucheke au tulie. Alikuwa tayari kutumia shilingi 780,000 na miaka miwili ili ajione anatosha kuandika barua ya ukurasa mmoja.

Hapo tulirudi kwenye jambo ambalo lilipasa kuwa la mwanzo, nalo ni nia. Tuliulizana kila mmoja ajibu kwa haki. Mke akasema kwamba robo tatu ya hamu yake ilikuwa uchungu wa kupitwa na kijana, na robo ilikuwa mapenzi ya elimu. Mume naye akakiri kwamba alipenda kusikia watu wakisema mke wa fulani ana shahada mbili za uzamili. Hatukujua kuwa kiburi hicho kimo ndani mpaka tulipokitamka. Robo ile ya mapenzi ya elimu ilikuwa safi, lakini haikuhitaji ada. Yapo madarasa ya fiqhi ya biashara, vipo vitabu, na AAOIFI yenyewe ina cheti cha wahasibu ambacho mtu aweza kukifanyia mtihani bila ya kuingia chuo kikuu. Mke alikiandika kwenye daftari chini ya CPA, kiwe cha baadaye, inshallah.

Tulipomweleza Mama kwamba mfuko wake hautaguswa, hakuonyesha furaha. Aliuliza kwa masikitiko, "Basi mwanangu hatasoma?" Mke akamweleza habari ya CPA. Mama akasema, "Ile uliyokuja nayo ulipoolewa? Vitabu vyake vimo sandukuni. Muuza njugu alivitaka mara mbili afungie njugu zake, nikakataa kumpa."

Vitabu vile vilikuwa vya mtaala wa zamani na havikufaa tena kwa mtihani. Lakini tulivishusha, tukavifuta vumbi, na kimoja kingali mezani mpaka leo. Kulipia usajili upya, kulinganishiwa mitihani ya zamani na mtaala mpya, mitihani yenyewe, vitabu na mwalimu wa Jumamosi, jumla yake haikufika laki moja. Fedha hizo zilitoka kwenye mshahara, mwezi kwa mwezi.

Hatukusudii kumwambia mtu kwamba shahada ya pili ni upotevu. Ziko hali ambazo ndiyo njia iliyo sawa. Anayeiacha kazi ya aina moja kabisa ili aingie nyingine, huenda akaihitaji. Anayelipiwa na mwajiri wake, na akapewa nafasi ya kusoma, hana sababu ya kuikataa neema. Mwenye kutaka kufundisha chuo kikuu ajue kwamba njia yake ni uzamifu, wala uzamili wa pili hautamfikisha. Na anayesoma kwa chuo cha nje aanze kuuliza kwa Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo inatambuliwa hapa kwetu, kabla ya kulipa hata shilingi moja. Tunalosema sisi ni kwamba cheti huandikwa jina la mtu mmoja, lakini hulipwa na nyumba nzima, na wengine katika nyumba hiyo hulipa bila ya kuulizwa. Wa kwetu walikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyeuzoea mlango uliofungwa, na mama mzee aliyekuwa tayari kusema kwamba magoti yake yatangoja. Hao nao waandikwe katika hesabu, na waandikwe mwanzo.

Sasa ni miaka miwili. Katika mitihani sita, mke amefaulu minne, mmoja ulimshinda na ataurudia, na mmoja hajaufanya. Husoma sebuleni, mlango wazi, na binti yetu hufanya kazi zake za shule kwenye meza hiyo hiyo. Mfuko umefikia shilingi 560,000, na jina la Mama tumeliandikisha kwa safari, Mwenyezi Mungu akimjaalia uzima. Kila jioni hutembea na mjukuu wake hadi msikitini na kurudi, ili, kama asemavyo mwenyewe, magoti yaanze kuzoea.

Cheo bado. Mwaka jana ilitangazwa nafasi nyingine ofisini. Safari hii mke aliandika barua, akaitwa kwa mahojiano, na hakuichukua. Jioni ile alirudi nyumbani, akavua buibui, akatueleza yote alivyoulizwa na alivyojibu. Kisha akawasha jiko.

Wa billahi tawfiq.